Siye Huku Tuko Muzuri

Bijou hakusalimu. Aliingia tu, vumbi la barabara ya Bogoro limempaka uso mpaka kope, akasimama katikati ya nyumba kama mtu aliyekuja kukamata mwizi. Honorine alikuwa ameshika birika. Mumewe Julien alikuwa ameshika shati la kwendea shuleni kufundisha. Wote wawili wakabaki wameshika hivyohivyo. Mtu wa kwao haingii nyumbani kwa kaka yake bila hodi wala habari, isipokuwa nyumba inaungua. Julien hata aliangalia juu. Bati lilikuwepo.

"Karibu, mulamu," Honorine akajaribu. "Habari ya..."

"Acha habari!" Bijou akamkata wifi yake. "Mara ine, yaya. Mara ine munganga ameandika ku ofisi yenu. Weye iko pale kila siku, unakunywa chai yabo, na papa iko nakosa hewa mu kitanda!"

Shati likaanguka. "Papa amefanya nini?"

"Anavuta pumzi kama samaki yenye imetolewa mu maji. Ile mashine inatoa hewa kidogo, kesho yake kidogo zaidi. Leo asubuhi vidole vyake vimekuwa buluu. Munganga Floribert amesema, ikiendelea vile, papa hafiki mangaribi ya leo."

Muzee Evariste, baba wa Julien na Bijou, alikuwa amechimba dhahabu kule Bambu miaka ishirini na mitano. Dhahabu waliichukua wengine; yeye alibaki na vumbi la mawe kwenye mapafu. Sasa ulikuwa mwezi wa tatu anaishi kwa mashine ya hewa katika kijumba cha afya cha munganga Floribert, mbele kidogo ya Bogoro. Mashine yenyewe ilikuwa mali ya kampuni, na kampuni ndiyo hiyohiyo aliyofanyia kazi Honorine. Ilikuwa imefungwa kwa lakiri ya risasi, na aliyeruhusiwa kuikata lakiri ile ni fundi wa kampuni peke yake.

"Haiwezekani," Honorine akasema. "Barua zote zinafika. Ingekuwa munganga ameandika, mashine ingekuwa imetengenezwa zamani."

"Nilikupigia telefone, siku ya Mungu ile. Ulinijibu nini?" Bijou akaibana sauti, ikatoka nyembamba ya kiofisi, na Honorine akaitambua kuwa ni yake mwenyewe. "'Bijou, mutu hapiti mu dirisha. Munganga aandike mail, njo procédure. Karani atasoma.' Basi Karani wenu amesoma. Angalia vile anatujibu."

Akamnyooshea kaka yake simu. Julien, ambaye kazi yake ilikuwa kuwafundisha watoto kusoma, alisoma kwa sauti, akasimama, akarudia tangu mwanzo kama mtoto aliyeruka mstari:

"'Ndugu Mungu Asifiwe, aksanti kwa kutuandikia. Tumefurahi sana kusikia kwamba muko muzuri. Fishi yenu imefungwa.'"

Akainua macho. "Mungu Asifiwe ni nani?"

Bijou hakujua. Julien hakujua. Honorine ndiye aliyelijua jina hilo. Aliweka birika juu ya meza, pembeni kabisa, nusu ya kitako chake hewani, wala hakuliona lilipoanguka.

"Mimi naenda kwa papa," Julien akasema, tayari anatafuta viatu. Alimpita mkewe bila kumgusa. Mlangoni akageuka. "Niliketi pale kwa kitanda yake siku ya Mungu yote, Honorine. Nikamuambia, papa, usiogope, bibi yangu iko ku ofisi."

&nbsp;

Karani hakuwa mtu. Ilikuwa programu iliyoletwa miezi saba nyuma kusoma barua-pepe za wateja. Zamani Honorine na wenzake watatu walizisoma barua hizo wenyewe, na kwa kila barua wakajaza fishi, kile kikaratasi cha malalamiko chenye vyumba vitano: Jina, Mahali, Tatizo, Haraka, Hali. Fundi hakutoka mpaka aone fishi. Karani alipokuja, alizichambua barua kama mama anavyochambua sombe, majani ya muhogo: jani hapa, jani kule, kijiti anatupa, na kabla hujameza mate vyumba vyote vitano vimejaa. Wenzake watatu walipewa mkono wa kwaheri na kalenda ya ukutani. Honorine aliachwa, kwa sababu hata bwana asiye na miguu anahitaji mtu wa kumfagilia njia.

Alifika ofisini na Bijou nyuma yake. Akakaa kwenye kompyuta bila kuvua mkoba, akafungua ghala la fishi zilizofungwa, akaandika: Mungu Asifiwe.

Zikatoka sitini na moja.

Jina hilo lilikuwa maarufu pale. Chef wao, yaani mkubwa wa ofisi, Davy, mtu mwema mwenye viatu vilivyochongoka, aliwahi kulitaja mbele ya wageni waliotoka makao makuu, Kinshasa. Alisema wana mteja mmoja Ituri, Bwana Mungu Asifiwe, anaandika kila wiki na hajawahi kuwa na tatizo hata moja. Wageni walipiga makofi. Honorine mwenyewe alipiga.

Sasa, kwa kufuata anwani ya munganga, alifungua fishi ya kwanza iliyotoka Bogoro. Ilikuwa na siku kumi na sita.

Jina: Mungu Asifiwe. Mahali: Bunia. Tatizo: hakuna. Haraka: hakuna. Hali: mteja yuko muzuri; imefungwa.

Chini yake ilikuwepo barua yenyewe, ambayo siku hizi hakuna aliyekuwa na sababu ya kuifungua. Akaifungua.

"Mungu asifiwe. Wapendwa ba ofisi ya Bunia, habari ya kazi, habari ya majumba na batoto? Siye huku tuko muzuri, Bwana anatusaidia. Ni vile tu mashine ya hewa inawasha taa ya manjano na hewa inatoka kidogo, na muzee mumoja iko nateseka. Aksanti. Ni miye Floribert, munganga wa hapa karibu na Bogoro."

Honorine alisoma mara moja tu. Karani alikuwa ameshika neno la kwanza akalifanya jina la mtu. Akashika mji wa kwanza akaufanya mahali. Halafu akafika kwenye "tuko muzuri", akaridhika, akafunga mlango. Mashine inayokufa na muzee anayeteseka vilikuwa nje ya mlango huo, vimesimama na kofia mkononi.

Barua ya pili ilianza kwa kuomba msamaha. "Mungu asifiwe. Tunaomba mutusamehe kama barua yetu ya kwanza haikuwa na heshima ya kutosha." Halafu salamu kwa mkurugenzi, kwa mafundi na kwa wake wa mafundi. Siye huku tuko muzuri. Kisha mashine. Imefungwa.

Ya tatu ilisalimia mpaka dereva na mlinzi wa lango. Imefungwa.

Jibu la kampuni lilipomrudia likiwa kavu, munganga Floribert alidhani amewakosea watu kwa salamu fupi, akaongeza salamu. Na kadiri alivyoongeza ndivyo Karani alivyozidi kuamini kwamba kule Bogoro ni sikukuu.

"Unaona nini?" Bijou akauliza nyuma ya bega lake.

Honorine alikuwa amekumbuka jambo jingine, na hilo lilimshtua kuliko yote. Karani hakuzaliwa anajua Kiswahili cha Ituri. Kuna mtu aliyemfundisha. Mwezi mzima mtu huyo aliwekewa barua elfu mbili za zamani na rangi tano. Kijani apake jina, buluu apake mahali, nyekundu tatizo, zambarau haraka. Na njano apake maneno yanayoonyesha kwamba shida imekwisha. Katika barua za wateja waliokwisha tengenezewa mashine, wote waliandika kitu kimoja: "sasa tuko muzuri, aksanti sana." Basi mtu huyo akapaka njano, barua kwa barua, mkono mwepesi, mpaka mwalimu aliyetoka mbali akamsifu. Alipewa cheti na chupa ya Fanta. Cheti kilikuwa kinaning'inia palepale juu ya kichwa cha Honorine, na jina lake yeye limeandikwa kwa herufi za mapambo.

&nbsp;

"Chef, fungua hii fishi."

Davy alikuwa anasugua kiatu kwa kitambaa. "Mama Honorine, bonjour kwanza. Ile Karani amefunga, ni Kinshasa peke yake inafungua. Unajua."

"Basi toa gari. Delphin aende Bogoro sasa hivi."

"Gari bila fishi? Akianguka na gari kule, nitaandika alikuwa naenda kwa nani? Kwa Mungu Asifiwe?" Akacheka. Kilikuwa kichekesho chake, alikuwa na haki nacho. Halafu akaona uso wa Honorine, na kicheko kikamfia mdomoni.

"Mungu Asifiwe si mutu, chef."

"Vipi si mutu? Anatuandikia kila..."

"Ni salamu. Ni barua sitini na moja zenye kusema hodi."

Davy akaacha kiatu. Alikuja kwenye kompyuta, akainama, akasoma moja. Akasoma nyingine. Honorine alimwona akihesabu, midomo ikitikisika, na alijua hahesabu barua. Anawahesabu wale wageni wa Kinshasa, na makofi.

"Si bangesema mbele kama iko na shida!" akalipuka. "Mutu gani anaandika 'tuko muzuri' na nyumba inaungua?"

"Weye, chef. Mwaka jana ulipozika mama yako. Nilikupigia, nikauliza habari. Ulisema nini?"

Davy akakaa juu ya ncha ya meza.

"Andika barua mpya," akasema taratibu. "Ikija wazi, Karani anaifungua mwenyewe, gari inatoka. Hapana kwa adresi yako. Barua ya mutu wa ofisi anaiweka kando, anasema ni mambo ya ndani. Iandikwe na mutu wa inje."

Mtu wa nje alikuwa Bijou. Alikaa kwenye benchi la mapokezi, simu mapajani, vidole gumba tayari. Delphin fundi alikuwa amesimama karibu na mfuko wake wa vyombo, amekwisha funga kamba za viatu.

"Niandike nini?"

"Andika: Mashine ya hewa imeharibika. Mahali Bogoro. Mutu atakufa leo. Halafu jina yako."

"Na mbele yake?"

"Mbele yake hakuna kitu."

"Hata bonjour?"

"Hata bonjour."

Bijou alimwangalia kama aliyeambiwa avue nguo sokoni. "Yaya, unataka baseme nimelelewa na mbuzi?"

"Mbuzi nayo inasema kwanza meee," Delphin akasema.

"Weye nyamaza! Bijou, andika."

Bijou akaandika. Ulimi nje, jasho puani, akaandika kama mtu anayemtukana mkwe wake. Honorine akachungulia. Pale juu, kabla ya mashine, vidole vilikuwa vimeponyoka vyenyewe: Mungu asifiwe.

"Futa!"

"Imejiandika!"

"Futa, Bijou, baba yako anakufa na heshima yako!"

Ikafutwa. Ikaondoka. Wote wanne wakageukia kompyuta ya Honorine, hata Davy, kama watu wanaongojea chungu kichemke. Sekunde kumi na moja. Kengele ikalia, ukanda mwekundu ukatokea.

Jina: Bijou. Mahali: Bogoro. Tatizo: mashine ya hewa. Haraka: ya juu kabisa. Hali: wazi.

Hakuna aliyeshangilia. Siku kumi na sita za heshima hazikusogeza hata tairi moja. Sekunde kumi na moja za ujeuri, na gari lilikuwa linanguruma nje. Bijou alianza kucheka kwa mshtuko, cheko lile baya lisilo na furaha, akajiziba mdomo kwa kitenge.

Honorine aliifungua barua ya nne wakati Delphin anapakia vyombo. Ilikuwa ya Jumatatu, ndefu kuliko zote. Salamu zilijaza uso wa kompyuta, zikateremka, zikaendelea. Akasoma mpaka katikati, pale munganga anapowaombea wafanyakazi wote uzima na uzao. Honi ikalia. Akaiacha.

Mlangoni Davy alimwita. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mbele ya zile sitini na moja, miwani imemshuka puani.

"Mama Honorine, hii ya Mahagi-Port... njo ndefu sana."

"Usome mpaka mwisho, chef. Shida iko ku mwisho. Halafu unapiga telefone, moja kwa moja."

&nbsp;

Kwenye kizuizi cha barabarani askari alitaka kuanza habari zake za kawaida, za jua kali na kiu. Bijou akatoa kichwa dirishani akamwambia "Mutu anakufa!" bila hata bonjour, na askari akainua ule mti wake kwa haraka ambayo hakuijua yeye mwenyewe. Alikuwa amejifunza, Bijou. Delphin alimtazama kwenye kioo kwa woga kidogo.

Walimkuta Julien amepanda kitandani, amemkumbatia baba yake kwa nyuma ili akae wima. Kwa mkono mmoja alikuwa akimpepea na kipande cha katoni. Muzee Evariste alikuwa amekuwa mdogo. Mabega yalipanda na kushuka kama ya mtu anayetwanga, na kila pumzi ilipiga filimbi. Kando ya kitanda mashine ilikuwa ikilia ti-ti-ti, taa ya manjano inawaka, nayo imechoka kama yeye.

Delphin hakumsalimu mtu. Alikata lakiri, akafungua kifuniko cha nyuma, akavuta kichujio cha ndani. Kilitoka kinene na chekundu, kama kipande cha blanketi kilichozikwa. Vumbi la barabara ya Bogoro, la miezi yote. Akakitupa, akapachika kipya cheupe, akapuliza bomba, akafunga, akabonyeza.

Ti-ti-ti ikanyamaza. Manjano ikazimika. Kijani.

Haikufika dakika kumi. Honorine alikuwa ametazama saa ya ukutani bila kutaka.

Walingoja. Bijou alipiga magoti na kumshika muzee miguu. Filimbi ikapungua. Mabega yakaanza kuchelewa kupanda. Midomo ikatoka kwenye buluu, ikaja kwenye kijivu, ikaja kwenye rangi ya mtu. Muzee akafungua jicho moja, akalielekeza kwenye kile kichujio kilichotupwa chini.

"Ile mashine," akasema, akapumzika, "imekula udongo... kushinda miye na Bambu yangu."

Hapo ndipo walipocheka, na kulia, yote pamoja. Julien alicheka uso umezama kwenye mgongo wa baba yake. Bijou alimpiga Delphin begani mpaka fundi wa watu akayumba. Na Julien akanyoosha mkono juu ya kitanda, akamshika mkewe kidole kimoja, kidole kimoja tu, lakini alikishika kwa nguvu. Honorine aliona mzigo unamshuka mabegani. Muzee atafika mangaribi. Atafika na kesho.

Munganga Floribert alikuwa amesimama ukutani. Alikuwa mtu mrefu, koti lake jeupe limefuliwa mpaka limekuwa jepesi kama karatasi.

"Mama wa ofisi," akamwambia Honorine, "mutusamehe. Sikujua nimekosea wapi. Ku shule ya bapadri balitufundisha, barua bila salamu ni tusi. Mulipojibu kifupi vile, nilisema, basi, nimeudhi bakubwa. Nikaongeza. Ile ya ine niliandika siku nzima."

"Hukukosea, munganga," Honorine akasema.

Delphin alikuwa bado amechutama kwenye mashine, anakusanya vyombo. "Na hii bomba ya pili?" akauliza, akiinua mpira mwembamba uliokuwa umefungwa fundo na kuning'inizwa kwenye msumari. "Sasa hewa inatosha batu babili. Mugonjwa wake iko wapi, nimufungulie?"

Cheko likatoka chumbani kama mtu aliyeitwa nje.

Honorine akaona kitanda cha pili kwa mara ya kwanza. Kilikuwa kimesukumwa mpaka ukutani. Godoro limekunjwa mara mbili, na juu yake sufuria ndogo yenye mfuniko.

"Alikuwa mama Émilienne," Floribert akasema. "Mapafu. Alikuwa anaanza kupona."

"Alikuwa?" Delphin akauliza.

"Nilieleza yote mu barua ya ine. Kule mwisho." Alikuwa anamtazama Honorine, kwa sababu yeye ndiye aliyejua barua. "Niliandika, hewa yenye kubaki ni ya mutu mumoja. Niliandika, nalazimika kuchagua, munisaidie kesho asubuhi sana. Mukajibu mumefurahi kusikia tuko muzuri."

Mashine ilikuwa inanguruma vizuri, kwa sauti ya chini, ya afya.

"Ukachagua nani?" Julien akauliza, akiwa amelikumbatia jibu mikononi.

"Nilichagua muzee. Si sababu ya miaka. Kwa miaka ningechagua mama. Nilijiambia, muzee iko na mukwe mu ofisi. Ofisi haiwezi kuacha mutu wake. Mashine ikibaki kwa muzee, batakuya mbio kutengeneza, na mama Émilienne naye atapata." Akaitazama mikono yake. "Nilihesabu vile. Alikufa kesho yake, mardi, jua halijatoka."

Muzee Evariste alikuwa amefunga macho. Haikujulikana kama amelala au anasikia. Hewa iliingia puani mwake, ikatoka, ikaingia. Bijou aliondoa mikono kwenye miguu yake polepole kama anayeondoa mikono kwenye kitu cha wengine. Honorine alitaka kukaa, lakini mahali pa kukaa palikuwa kitanda kile tu.

Mlango ukabishwa.

"Hodi humu?"

Mtu aliyeingia alikuwa na nywele zilizonyolewa upya, za msiba. Alivua kofia. Akamsalimu munganga kwa mikono miwili, akamsalimu Julien, akauliza usiku wa muzee ulikuwaje, akamsalimu fundi asiyemjua, akamsalimu Bijou. Haraka hakuwa nayo. Munganga Floribert alimtaja kwa sauti iliyofifia: Baudouin, bwana wa marehemu, mkulima wa hapohapo Bogoro.

"Nimekuya tu kuchukua sufuria yetu," Baudouin akasema. "Tuliisahau." Aliichukua, akaibana kwapani, akamgeukia Honorine. "Njo weye mama wa ofisi? Aksanti kwa kufika. Habari ya Bunia?"

Honorine alifungua mdomo. Jibu lilikuwa pale, limekaa kwenye ulimi tangu alipofundishwa kusema, na halikutoka.

Baudouin alidhani ni haya. Akamsogelea, akashusha sauti, kama mtu anayembembeleza mgeni.

"Usijisumbue roho, mama. Munganga alitueleza yote: ni réseau. Huku réseau yetu ni ya shetani. Barua inatoka hapa, inapotea mu njia. Haiko kosa ya mutu."

Floribert alikuwa anatazama sakafu. Julien, juu ya bega la baba yake, alimtikisia mkewe kichwa kidogo sana: mwache, mwache hivyo. Bijou alimbana kiwiko. "Yaya," akanong'ona, "nyamaza." Ilikuwa rahisi. Alitakiwa kusema njo vile, papa, na kumpa pole, na yule mtu angevaa kofia yake na kwenda zake na sufuria, na angeilaumu minara ya simu mpaka siku ya kufa kwake.

Honorine akakitoa kiwiko chake mkononi mwa Bijou.

"Zilifika, papa," akasema. "Barua zilifika zote ine, siku ileile."

Baudouin hakukasirika. Alisimama anamwangalia, uso wake bado umebeba ile huruma aliyokuwa amemletea, haujapata mahali pa kuiweka.

"Zilifika," akarudia. Akaigeuza sufuria mkono wa pili. "Na nani alizisoma?"